Ukali wa pool uhesabiwe, usisimuliwe

FIKA kwenye meza yoyote ya pool jijini Dar es Salaam kuanzia saa 12 jioni, iwe Manzese, Mbagala au Kinondoni, kisha uliza nani mkali wa pale. Jibu halichelewi. Utaonyeshwa jamaa ameegemea ukuta, fimbo mkononi, anapaka chaki taratibu, na wapambe wake wataanza kukutajia watu aliowachapa tangu mwaka juzi. Vuka barabara, ingia baa ya pili, uliza swali lile lile. Utaonyeshwa mkali mwingine, naye ana wapambe wake, na hao watakwambia yule wa ng'ambo huwa anakimbia.

Kati ya hao wawili nani zaidi? Hamna anayejua. Kila mtu pale ana uhakika, ila hamna anayejua.

Kwenye soka mambo hayo yalishapita zamani. Straika wa Ligi Kuu akijitapa kuwa yeye ni hatari, mtu anafungua jedwali la wafungaji anahesabu. Mabao yapo, mechi alizocheza zipo, hata penalti alizokosa zipo. Unaweza kubishana kama ratiba ilimbeba au kama winga wake ndiye anayefanya kazi yote, lakini unabishana ukiwa na namba mkononi. Mchezaji wa pool anaweza kucheza miaka 10, fremu maelfu kwa maelfu, siku akistaafu asibaki na namba hata moja ya kumwonyesha mwanaye. Anabaki na hadithi, na hadithi inategemea nani anaisimulia.

Ubishi wa kijiweni hauna ubaya wowote, ni nusu ya burudani ya mchezo wenyewe. Shida inaanza pale ubishi huo unapotumika kuamua mambo mazito. Mkoa unapotaka wachezaji watano wa kwenda kwenye mashindano, majina yanatoka wapi? Yanatoka kwa wanaojulikana, na wanaojulikana mara nyingi ni wale wanaocheza kwenye baa kubwa, wenye kauli, wenye marafiki kwenye uongozi. Kijana anayecheza uswahilini kwenye meza yenye kitambaa kilichochanika hajulikani, na hana karatasi ya kumtetea. Msichana ndiyo kabisa. Yeye hata akishinda wanaume wanne mfululizo, kesho yake ataambiwa walimwachia.

Yupo na wa tatu. Huyu ni bodaboda aliyeegesha pikipiki yake nje, akaingia kupumzika, akamkuta mgeni mpole anayekosa mipira ya wazi. Dau la buku analishinda. Dau la pili, buku tena, analishinda. Mgeni anaudhika, anasema waweke elfu 20 ili akomboe hela yake. Ghafla mikono ya mgeni inatulia, meza inasafishwa kuanzia mpira wa kwanza mpaka mweusi, na bodaboda anatoka pale bila hesabu ya bosi. Mchezo huo mchafu unawezekana kwa sababu moja tu: kiwango cha yule mgeni hakijaandikwa mahali popote.

Watetezi wa utaratibu uliopo watasema kipimo kipo, kinaitwa mashindano. Bingwa ni bingwa. Wakati bia ya Safari ilipokuwa ikidhamini mashindano ya taifa ya pool, mikoa ilitoa mabingwa wake, wakakutana, akapatikana bingwa wa nchi. Ni kweli, na yale mashindano yaliutoa mchezo gizani. Lakini kombe na kipimo ni vitu viwili tofauti, na hesabu ndogo tu inaonyesha hivyo.

Chukulia wachezaji wawili. Mmoja ni bora kweli kweli: katika kila fremu tatu wanazocheza, kwa wastani yeye anachukua mbili. Hiyo ni tofauti kubwa, hata mhudumu anayepita na trei angeiona. Waweke wacheze fremu moja ya mtoano. Yule dhaifu anapita mara moja kati ya tatu. Haya, ifanye mechi ya wa kwanza kufika fremu 3. Dhaifu bado anapita kwa asilimia 21, yaani mara moja kati ya tano. Irefushe mpaka wa kwanza kufika 7, mechi ambayo waandaaji wengi hawana muda nayo, na bado dhaifu anapita kwa asilimia 10.

Halafu mpeleke huyo bora kwenye mashindano ya watu 32. Ni raundi tano, kila raundi wa kwanza kufika 3, na kila anayekutana naye awe amezidiwa kwa kiasi kile kile. Nafasi yake ya kuzivuka raundi zote tano ni kama asilimia 31. Yaani mtu anayemzidi kila mmoja ukumbini mbili kwa moja anarudi nyumbani bila kombe takriban mara saba kati ya kumi. Na hiyo ni kwa wa kwanza kufika 3. Wapo wanaoendesha mtoano wa fremu moja moja ili meza iwahi kurudi kwenye biashara, kisha anayebaki anaitwa mkali wa wilaya.

Hakuna mwenye kosa hapo. Pool ni mchezo wa zamu, na anayekaa kwenye kiti anamtazama mwenzake bila uwezo wa kufanya chochote. Mpira mmoja ukigonga kona ya shimo na kurudi, fremu imeondoka. Bahati inakuwa kubwa fremu zinapokuwa chache, inapungua zinapokuwa nyingi. Dawa yake ni kuhesabu fremu nyingi, basi.

Dunia ilishaligundua hilo kupitia chesi. Arpad Elo, profesa wa fizikia aliyezaliwa Hungary na kuishi Marekani, alitengeneza hesabu ya kumpa kila mchezaji namba moja. Tofauti ya namba kati ya wachezaji wawili inasema nani anatarajiwa kushinda na kwa kiasi gani. Ukimfunga aliyekuzidi sana unapanda sana, ukimfunga dhaifu unaambulia pointi kiduchu, ukifungwa naye unaporomoka. Shirikisho la chesi la Marekani lilianza kuitumia mwaka 1960, la dunia likafuata 1970. Mashabiki wa soka wanaokesha wakiangalia Taifa Stars iko nafasi ya ngapi wanaitazama hesabu ya ukoo huo huo, maana tangu 2018 viwango vya FIFA vya timu za wanaume vinakokotolewa kwa njia iliyotokana na Elo.

Kwenye pool, aliyelibeba jambo hili mpaka likakubalika ni Mike Page, aliyekuwa profesa wa kemia katika Chuo Kikuu cha North Dakota State, Marekani, na mwenye ukumbi wa pool katika mji wa Fargo. Mfumo wake ukachukua jina la mji: FargoRate. Leo mashindano mengi Marekani, ya mtaani na ya kimataifa, yanapeleka matokeo yake huko. Mastaa kama Fedor Gorst na Joshua Filler wako juu ya 800, na mzee anayecheza ligi ya baa Jumanne usiku naye ana namba yake kwenye kipimo hicho hicho. Wanawake wako humo humo. Hakuna kipimo cha pembeni cha akina dada, na hamna wa kusema aliachiwa.

Uzuri wake ni kwamba namba inaeleweka hata kwa asiyejua hesabu. Pointi 100 za tofauti maana yake mbili kwa moja. Pointi 200, nne kwa moja. Pointi 300, nane kwa moja. Wale wawili wa mfano wa juu wametofautiana pointi 100, mfano mmoja 600 na mwingine 500. Wakitaka mechi yenye ladha, mkubwa aende mpaka 6 na mdogo mpaka 3, nafasi zao zitakaribiana kuwa nusu kwa nusu. Kijiweni mambo hayo yanaamuliwa kwa kelele. Kila mmoja anadai apewe fremu za bure, na anayelia zaidi ndiye anayepewa.

Fremu zinazohesabiwa ni zote, za kushinda na za kushindwa. Mchezaji haonekani kuwa na namba iliyokomaa mpaka afikishe fremu 200, na fremu za zamani hupungua uzito kadiri muda unavyokwenda, hivyo huwezi kuishi kwa jina la mwaka 2015. Kwa Marekani fremu 200 ni ligi ya miezi kadhaa. Kwa kijiwe cha Dar ni jambo dogo. Anayecheza fremu 10 kila jioni anazifikisha ndani ya siku 20. Kinachokosekana ni mtu wa kuandika, maana fremu zenyewe zinachezwa kila siku na zinapotea kila siku.

Kitu kingine ambacho watu hawakitegemei: hesabu ya namna hii haijali ubovu wa meza. Meza ikiinamia upande mmoja, inainamia kwa wote wawili. Fimbo zikiwa zimeisha ncha, zimeisha kwa wote. Kinachopimwa ni nani kamshinda nani, mara ngapi, kwa hiyo kijana wa meza ya kitambaa kilichochanika hapotezi kitu. Namba yake inatoka kwa watu aliocheza nao.

Lakini hapo hapo ndipo pana mtego, na ndio unaotakiwa kuangaliwa kuliko yote. Namba ni ya kulinganisha. Watu 12 wa baa moja wakichezeana wao kwa wao mwaka mzima, hesabu itajua vizuri nani wa kwanza na nani wa 12 pale ndani. Haitajua kama huyo wa kwanza anamfikia hata wa nane wa baa ya jirani. Vijiwe viwili visivyowahi kukutana ni kama visiwa viwili visivyo na boti. Inatosha watu wachache wavuke, wacheze fremu za kutosha upande wa pili, na visiwa vinaunganika. Wale wachache wanawabeba wenzao wote kwenye mizani. Mchezaji wa Mwanza anayekuja Dar kikazi, akacheza fremu 40 jioni mbili tatu na zikaandikwa, anawafanyia Wanamwanza wote kazi ambayo kikao cha uteuzi hakijawahi kuifanya.

Ndiyo maana mkali anayegoma kutoka kwenye baa yake asihesabiwe. Huyo ana haki ya kukaa kwake, ila asidai nafasi ya mkoa.

Wapo wasio na wa kucheza naye, au wanaotaka kujijua kabla hawajaaibika mbele ya watu. Hao wana kipimo chao, na wachezaji wa Marekani wamekitumia kwa miaka mingi wakikiita kucheza na mzimu. Unavunja mwenyewe. Baada ya kuvunja unachukua mpira mweupe kwa mkono, unauweka popote unapotaka. Kuanzia hapo hutakiwi kukosa. Ukikosa mara moja tu, mzimu kachukua fremu, maana mzimu hakosi. Ukisafisha meza yote, fremu ni yako. Wao wanapenda kuicheza kwa mipira 9 au 10 inayopigwa kwa kufuata namba. Kwa mchezo wa kwetu inabadilika kidogo tu: chagua kundi lako baada ya kuvunja, maliza saba zako, malizia mweusi.

Mtu mwenye majigambo aanze na hiyo, fremu 20, peke yake, bila wapambe. Wengi watatoka na mbili au tatu, na wengine watasingizia meza.

Kwa anayejifunza kuna njia ya huruma zaidi. Atupe mezani mipira mitatu tu popote itakapoangukia, mmoja wapo ukiwa mweusi, ashike mweupe kwa mkono na asafishe. Akimshinda mzimu zaidi ya nusu ya fremu, aongeze mpira wa nne. Akishinda tena zaidi ya nusu, wa tano. Atafika mahali atakwama, na pale alipokwama, ambapo anashinda kama nusu na kushindwa nusu, ndicho kiwango chake cha leo. Mtu wa mipira 3 anayefika mipira 4 baada ya mwezi amepanda kweli, hata kama kijiweni bado wanamcheka. Na atagundua jambo ambalo kucheza na watu halimwonyeshi haraka: mara nyingi anakosa mpira wa tatu kwa sababu aliupeleka mweupe pabaya kwenye wa pili. Jicho linakuwa zima, tatizo lipo kwenye kupanga.

Kwa wanaotaka mtihani wa darasani kabisa, ipo mitihani iliyopangwa kwa michoro. Makocha wa Ulaya wana wao, unaitwa PAT. David Alciatore, profesa wa uhandisi Marekani anayejulikana kama Dr. Dave, alishirikiana na wenzake wakaanzisha mtihani wenye ngazi za shahada, shahada ya uzamili na ya uzamivu. Mzazi anayelalamika kuwa mwanaye kaacha chuo kwa ajili ya pool asionyeshwe aya hii.

Mzimu na mitihani ina upungufu wake, na ni vizuri kuusema wazi. Kwanza inategemea meza. Aliyepata 12 kati ya 20 kwenye meza mpya yenye mashimo mapana hawezi kulinganishwa na aliyepata 8 kwenye meza kavu yenye mashimo ya kubana. Kwa hiyo wanaopimwa ili wachujwe wapimwe meza moja, siku moja. Pili, mzimu haujihami. Nusu ya ujanja wa pool ya baa ni kumficha mpinzani, kumwachia mweupe nyuma ya mpira wako ili afanye faulo na wewe upate zamu mbili. Wapo wazee wa meza ambao mkono wa kupiga mbali umeshachoka, hawawezi kusafisha meza hata mara tatu kwa usiku, lakini ukicheza nao unatoka jasho. Mzimu utawaonea hao. Fremu za ushindani haziwaonei. Tatu, mzimu hauna macho. Kupiga mweusi wa mwisho ukiwa peke yako saa tano asubuhi na kuupiga watu 60 wakikutazama ni kazi mbili tofauti kabisa.

Basi kipimo cha kuchagulia timu kiwe fremu zilizoandikwa, na mzimu ubaki kuwa kioo cha mazoezini.

Sasa wajanja. Popote palipo na kipimo pana mtu anayetaka kukidanganya, na hapa kinachoshangaza ni kwamba wengi wanadanganya kwenda chini. Marekani kuna ligi kubwa ya wachezaji wa kawaida, APA, iliyoanzishwa na wachezaji wawili wa kulipwa, Terry Bell na Larry Hubbart. Kwenye mchezo wao wa mpira namba 8 kila mchezaji anapewa daraja kuanzia 2 mpaka 7. Wa 7 akikutana na wa 2, mkubwa anatakiwa fremu 7 na mdogo 2 tu. Juu ya hapo, timu ikipanga wachezaji watano jumla ya madaraja yao isizidi 23. Ni utaratibu mzuri, unamlazimisha kocha awape nafasi wanaoanza. Ila unaona mwenyewe kishawishi kilipo: mchezaji wa 6 akijifanya wa 4, timu yake inapata mwanya wa kumwingiza mtu mwingine mzito, na yeye mwenyewe anahitaji fremu chache kushinda. Basi msimu mzima anakosa mipira kwa makusudi, kwenye fainali anafufuka.

Ligi hiyo inapambana nao kwa kuandika zaidi ya matokeo. Anayeweka alama anahesabu pia zamu zilizotumika, na anatia alama kila pigo lililopigwa kwa kujihami bila nia ya kutumbukiza. Gofu nao wana dawa yao. Tangu 2020 mfumo wa dunia wa gofu unachukua raundi 8 bora kati ya 20 za mwisho, hizo nyingine mbovu 12 haziangaliwi. Ukicheza vibaya makusudi mara kumi na mbili bado hujafanya kitu. Mtu anaweza kuigiza udhaifu, ila uwezo ukishaonekana hauwezi kurudishwa mfukoni.

Hapa kwetu ugonjwa utakuwa wa pande zote mbili. Kwenye dau mtu atataka aonekane dhaifu. Kwenye uteuzi wa timu ya mkoa atataka aonekane mkali, na atatafuta rafiki wa kumwandikia ushindi ambao haukutokea. Hilo la pili ni rahisi kulibana kuliko linavyoonekana. Fremu iandikwe pale pale mezani, washindani wote wawili waweke sahihi, na ukurasa upigwe picha na kutumwa kwenye kundi la WhatsApp la wachezaji wa wilaya usiku ule ule. Anayesema uongo atasema mbele ya watu 100 wanaomjua na waliomwona. Na namba ya kupikwa ina maisha mafupi: ukijiandikia 650 wakati wewe ni 500, siku ya kwanza unayokutana na wa 650 wa kweli utachezea fremu nane na kuambulia mbili tatu, na kila ukiendelea kucheza hesabu inakushusha.

Kwa upande wa dau, ni vema isemwe bila kuzunguka kwamba kipimo hakitaua kamari ya kijiweni. Kitakachokufa ni ule ugeni wa mgeni mpole. Anayetaka kuweka elfu 20 ataulizwa namba yake, na asiye na namba atajulikana kuwa hataki kuwa nayo. Bodaboda ataamua mwenyewe akiwa amefumbua macho. Viongozi wa serikali kwa miaka sasa wamekuwa wakikemea vijana kucheza pool asubuhi saa za kazi, na kila mara mchezo wote unaingizwa kapu moja na uzururaji. Ni vigumu kuutetea mchezo usio na kumbukumbu yoyote. Kijana akiulizwa anafanya nini pale mezani, leo hana la kuonyesha.

Watakaopinga wa kwanza watakuwa wakali wenyewe. Mtu aliyeishi miaka 10 akiitwa mfalme wa Mbagala hana haraka ya kuambiwa kuwa yeye ni 540 na kuna dada wa Tandika ana 575. Atasema pool ni roho, haipimwi na karatasi. Ni kweli pool ni roho, na roho hiyo hiyo ndiyo inayomfanya mtu ashinde fremu, na fremu ndizo zinazoandikwa. Mwenye roho itaonekana kwenye safu yake. Asiye nayo pia.

Chama cha mchezo huu kina mahali pazuri pa kuanzia bila kusubiri mdhamini. Wilaya moja ya Dar, vijiwe sita, miezi mitatu. Kila kijiwe kiandike fremu za wachezaji wake wanaotaka kupimwa, na kila mchezaji alazimike kucheza angalau fremu 40 kati ya 200 zake nje ya nyumbani, ili visiwa viunganike. Kijana mmoja anayejua Excel anaweza kuingiza matokeo kila Jumatatu, hesabu ya Elo iko wazi kwa yeyote na haihitaji mashine kubwa. Mwisho wa miezi mitatu watano wa juu wanaume na watano wa juu wanawake watajulikana, na kama kikao cha uteuzi kitataka kumruka mmoja wao kiseme kwa nini, hadharani, kikiwa na ukurasa mbele yake.

Vitu vinavyohitajika ukurasani ni vichache mno: tarehe, jina la kijiwe, majina mawili, fremu za huyu na fremu za yule, nani kavunja, sahihi mbili. Baa nyingi zenye meza ya pool tayari zina kaunta buku pale kwenye droo, linaandikwa madeni ya bia na soda kwa usahihi wa ajabu, mpaka la soda moja ya wiki iliyopita. Kalamu ipo, mwandishi yupo, na upande wa nyuma wa buku hilo bado ni mweupe.